Mpe Lee karatasi, usimpe meza: jinsi ya kuendesha zoezi la Gettysburg

Waulize wanafunzi kwa nini jeshi la Kusini lilishindwa Gettysburg, Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wengi watakujibu kwa hesabu: Kaskazini walikuwa kama 90,000, Kusini 70,000 na ushei. Jibu si baya, ila halitoshi. Miezi miwili tu kabla ya hapo, kule Chancellorsville, jeshi hilohilo la Kusini lilimpiga mpinzani aliyelizidi karibu mara mbili. Zoezi hili, mchezo wa vita juu ya ramani mezani, ninaliendesha na klabu ya historia ya sekondari hapa Dar es Salaam, na nia yangu ni kumzuia mwanafunzi asimhukumu jemadari kwa mambo ambayo jemadari mwenyewe hakuyajua saa ile.

Hatua ya 1: Ardhi kwanza, watu baadaye

Gundisha manila mbili au tatu. Chora mji wa Gettysburg katikati na barabara zake nyingi zinazokutana pale, maana ndizo zilizoyavuta majeshi yote mawili. Magharibi ya mji weka mgongo wa Seminary Ridge. Kusini ya mji weka kilima cha Cemetery Hill, pembeni yake Culp's Hill, halafu mgongo mrefu wa Cemetery Ridge unaoshuka kusini hadi kilima cha Little Round Top. Ukimaliza utaona umbo la ndoana. Aliyewahi kusoma kontua kwenye jiografia ataelewa mara moja kwa nini kila mtu alizitaka sehemu hizo za juu.

Brigedi za Kusini tumia kete za bao, za Kaskazini vizibo vya soda. Bana karatasi kwa mawe. Feni ya darasani huhamisha brigedi bila kibali cha mtu.

Hatua ya 2: Watoe makamanda chumbani

Hapa ndipo zoezi linapopona au kufa. Atakayekuwa Robert E. Lee, mkuu wa jeshi la Kusini, akae koridoni, asiione meza. Anapokea vikaratasi na kutuma vikaratasi, basi. Mjumbe hatembei hadi mzunguko mmoja wa mchezo upite, nao uhesabu kama nusu saa ya vita. Wapanda farasi wa Jeb Stuart, waliotakiwa kuwa macho ya Lee, walikuwa mbali na walifika alasiri ya tarehe 2, kwa hiyo siku ya kwanza mchezaji wako asipewe habari yoyote kutoka kwao hata akilalamika. Na atalalamika.

George Meade, mkuu wa jeshi la Kaskazini, naye mtoe. Alikuwa amekabidhiwa jeshi tarehe 28 Juni, na siku ya kwanza ya mapigano alikuwa Taneytown, akafika uwanjani karibu usiku wa manane.

Hatua ya 3: Anza na Buford

Usipoteze muda mwingi hapa. John Buford, kamanda wa wapanda farasi wa Kaskazini, alifika mjini tarehe 30 Juni, akaona thamani ya vilima vya kusini, akaamua kupigania migongo ya magharibi ili avute muda. Askari wake walishuka kwenye farasi na kupigana kwa miguu hadi John Reynolds alipofika na askari wa miguu. Reynolds aliuawa asubuhi ileile. Jioni Kaskazini walisukumwa hadi Cemetery Hill, ambako Oliver Howard alikuwa ameacha divisheni ya akiba. Mwambie mwanafunzi aiwekee alama divisheni hiyo, ataihitaji sasa hivi.

Hatua ya 4: Bahasha ya Ewell

Mpe mwanafunzi makini nafasi ya Richard Ewell, jemadari wa Kusini chini ya Lee, kisha mpe bahasha yenye mambo haya tu. Lee anamwambia akiteke kilima cha Cemetery Hill kama ataona inawezekana, lakini asianzishe vita kubwa kabla jeshi zima halijakusanyika. Askari wake wamechoka na wametawanyika mitaani pamoja na mateka. Divisheni yake moja, ya Edward Johnson, bado iko njiani. Juu ya kilima kuna mizinga. Na kuna taarifa kwamba adui anakuja kutoka mashariki, ubavuni kwake.

Taarifa hiyo haikuwa ya kweli. Usimwambie.

Mpe dakika tano aandike amri yake kwa kalamu. Wengi huandika kama Ewell: tusubiri. Darasa zima, ambalo linaiona meza, hupiga kelele, na hapo ndipo unapowauliza ni kikaratasi kipi kingewafanya waamue tofauti. Waache wabishane, usiwakatishe. Mara nyingi lawama huhama kutoka kwa Ewell kwenda kwa Lee, aliyempa uamuzi mtu aliyeanza kuongoza kikosi kikubwa namna ile majuma machache tu nyuma. Stonewall Jackson, jemadari wa Lee aliyezoea amri za aina hiyo, alikuwa amefariki tarehe 10 Mei. Mimi nakubaliana nao: amri yenye masharti mawili yanayovutana ni tatizo la aliyeiandika kabla ya kuwa la aliyeipokea.

Hatua ya 5: Siku ya pili, kwa haraka

Onyesha maamuzi mawili ya upande wa Kaskazini. Daniel Sickles alisogeza kikosi chake mbele hadi bustani ya matunda iitwayo Peach Orchard bila ruhusa, akaacha pengo. Gouverneur Warren, mhandisi, alipanda Little Round Top, akakuta karibu hakuna mtu wa kukilinda, akatuma wajumbe kuomba askari. Strong Vincent alipeleka brigedi yake bila kusubiri amri ya mkuu wake. Waulize: kwa nini Sickles analaumiwa na Vincent anasifiwa, ilhali wote hawakungoja amri?

Hatua ya 6: Siku ya tatu, nje ya darasa

Lee alikuwa amezipiga mbavu zote mbili za adui, akaamini katikati pamelegea. James Longstreet, jemadari wake, alipinga. Mizinga ya Kusini ilifyatua kuanzia kama saa saba mchana. Henry Hunt, mkuu wa mizinga ya Kaskazini, akaamuru yake inyamaze ili atunze risasi; upande wa pili wakadhani imevunjwa. Askari wa Kusini kama 12,500 wakatoka msituni kushambulia.

Wapeleke wanafunzi Coco Beach maji yakiwa yamekupwa. Pima kilomita moja na robo, kama umbali wa shambulio hilo, watembee bega kwa bega bila kukimbia, mmoja ashike saa. Kila dakika gusa bega la mmoja, akae chini. Zaidi ya nusu ya walioshambulia siku ile waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa.

Hatua ya 7: Badilisha amri moja tu

Rudini mezani mcheze upya, mkibadilisha uamuzi mmoja na kuacha mengine yote. Stuart yupo tangu tarehe 1, au Ewell anashambulia. Ukiruhusu mawili kwa pamoja hutajua lipi lililogeuza matokeo. Kila kundi liandike ukurasa mmoja: kamanda alijua nini, aliamuru nini, amri ilifika saa ngapi, na aliyeipokea alikuwa na askari wangapi wa kuitekeleza. Karatasi isiyo na saa irudishe.