Kulinganisha amplifaya mbili kwa masikio bila kudanganyika

Sikio hupenda kilicho juu: amplifaya iliyozidi sauti kidogo tu husikika "safi" zaidi. Kwa hiyo anza na mita ya umeme, usawazishe sauti zao. Cheza mlio wa Hz 400, weka mita kwenye volti za AC, gusisha ncha zake kwenye terminali za spika. Ya kwanza ikisoma 2.00, ya pili iwe kati ya 1.98 na 2.02. Kitufe cha sauti kisiguswe tena.

Mwenzako akae nyuma ya pazia na swichi, arushe sarafu kuchagua ipi icheze. Swichi isiunganishe zote mbili kwa pamoja, zitaungua! Kipande kiwe kilekile, sekunde 10 hivi. Kumbukumbu ya sauti hufifia upesi. Sikiliza, kisha taja ni ipi inayocheza. Rudia mara 16. Kupatia 12 au zaidi kwa bahati tupu hutokea takriban mara 4 kati ya 100. Kupatia 9 ni kubahatisha.