Boriti, Bamvua na Imani: Namna ya Kuijua Mipaka ya Sayansi

Ubishi wa barazani kwamba "sayansi nayo ni imani tu" haumaliziki kwa maneno. Tafuta boriti nyembamba ya mita 3 na nusu (ya kununua, si ya kwenda kukata mikoko), daftari na jedwali la maji (orodha iliyochapishwa ya saa na vimo vya maji kujaa na kupwa). Kazi ya kulijaribu jedwali hilo ni ya siku 15.

Maji yakipwa, ichimbie sentimita 60 mahali palipokingika na mawimbi, pale ambapo maji mafu (ya siku za kujaa kudogo) yakijaa humfika mtu magotini. Piga alama za rangi kila sentimita 10, zionekane kutoka ufukweni.

Kabla ya kupima, andika utabiri kwa wino: maji yatajaa kwa wastani dakika 50 baadaye kila siku, na bamvua kubwa (maji kujaa na kupwa kuliko siku nyingine) litakuja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Andika pia vimo vya jedwali vya kila siku, na kosa la kimo utakalolikubali, tuseme sentimita 20. Hapa ndipo wengi huharibu. Wakipanga kosa baada ya kuona matokeo, utabiri wao hauwezi kushindwa tena, na kisichoweza kushindwa hakijapimwa.

Usisome wimbi moja. Tazama mawimbi kumi, chukua katikati ya kilele na bonde. Na usilinganishe kimo chako na cha jedwali moja kwa moja, kwani sifuri ya boriti yako siyo sifuri ya jedwali. Linganisha tofauti ya siku na siku.

Maji yakizidi utabiri, usiukane mwezi upesi. Kanieneo ya hewa ikishuka milibari 1, bahari hupanda kama sentimita 1, na upepo nao husukuma maji pwani. Lakini udhuru huo nao upimwe kwa barometa, chombo cha kupimia kanieneo. Galileo, mwanasayansi wa Italia, mwaka 1632 alidai maji hujaa na kupwa kwa sababu dunia inazunguka. Hesabu yake ilitoa kujaa kumoja kwa siku. Bahari hujaa mara mbili. Akatafuta nyudhuru badala ya kuiacha nadharia.

Baada ya siku 15 jedwali utakuwa umelijaribu mwenyewe. Rula uliyopigia alama, kama unaishuku, linganisha na nyingine. Kuna jambo moja halijaribiki: kwamba kesho bahari itafuata kanuni ya jana. Ukisema "mbona imefuata siku zote", umeshaitumia dhana ileile unayotaka kuithibitisha. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliliandika hilo mwaka 1739, na mvuvi wa Wete, Pemba, anayepanga safari kwa kuhesabu mwezi analitegemea vilevile.

Kisha kuna maswali yasiyo ya boriti kabisa. Hesabu itakwambia mwezi wa Ramadhani umezaliwa saa ngapi, na jua likizama Pemba utakuwa juu ya upeo kwa digrii ngapi. Kama tufunge kwa mwezi ulioonekana hapa au ulioonekana nchi nyingine, hilo waulizwe masheikh.