Somo: Kusimba diski hakuifupishii maisha, ila kunakupunguzia nafasi ya kukosea

Wakuu, kusimba diski ni kuifunga data ili asiye na nenosiri asiisome, na diski ya sahani (HDD) haijui inaandika nini. Sahani zinazunguka vilevile, mkono unatembea vilevile, na sekta ya baiti 512 iliyosimbwa kwa AES-XTS (njia ya kawaida ya kusimba diski) inabaki baiti 512. Hesabu yote inafanywa na prosesa, na Intel walianza kuweka amri za AES ndani ya prosesa zao mwaka 2010, kwa hiyo hata kasi hupungua kidogo tu.

Kwa SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani) kuna mambo mawili. Kusimba diski yenye data tayari ni kuiandika yote mara moja: SSD ya TB 1 inayohimili kuandikwa TB 600 imetumia sehemu moja kati ya 600. Hilo lisikunyime usingizi. La pili lina uzito zaidi. Kwenye Linux, dm-crypt (sehemu ya mfumo inayosimba diski) haipitishi TRIM (taarifa kwa SSD kwamba sehemu fulani hazitumiki tena) mpaka uiruhusu. Bila TRIM, SSD hudhani faili ulizofuta bado zina kazi, inazihamishahamisha ndani kwa ndani, na hapo ndipo uandishi wa ziada unapotoka. Kwa LUKS2 (toleo la pili la LUKS, mpangilio wa diski zilizosimbwa kwenye Linux), weka jina la diski uliyoifungua mahali pa "jina":

`sudo cryptsetup --allow-discards --persistent refresh jina`

Kisha `sudo fstrim -av` ili TRIM itumwe. Wenye LUKS1 waandike neno discard kwenye /etc/crypttab (faili ya orodha ya diski zilizosimbwa). Gharama yake ni kwamba atakayeichunguza diski ataona sehemu zipi ni tupu.

Kabla diski haijaugua

Nenosiri lako halifungui data moja kwa moja. Linafungua ufunguo mkuu uliohifadhiwa kwenye kichwa cha patisheni, na kichwa hicho kikiharibika, nenosiri sahihi halisaidii kitu.

1. `sudo cryptsetup luksDump /dev/sda3` (weka patisheni yako mahali pa sda3) itakuonyesha toleo la LUKS na nafasi za ufunguo zinazotumika.

2. Ongeza nenosiri la pili, lijae nafasi nyingine: `sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sda3`

3. Sasa nakili kichwa. Ukinakili kabla ya hatua ya 2, nenosiri jipya halitakuwemo.
`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file kichwa.img`
Kwa LUKS2 faili huwa kama MB 16. Iweke nje ya diski hiyo. Wapo wanaoiacha humohumo ndani, sawa na kufungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku.

4. Ijaribu: `sudo cryptsetup open --test-passphrase --header kichwa.img /dev/sda3`

Wa BitLocker (usimbaji wa Windows): `manage-bde -protectors -get C:` huonyesha ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48. Uchape kwenye karatasi. VeraCrypt, programu nyingine ya kusimba, huweka nakala ya kichwa mwishoni mwa volyumu yenyewe, lakini toa na yako ya pembeni.

Diski ikianza kufa

Usiguse fsck wala chkdsk, vikarabati vya mfumo wa faili vya Linux na Windows. Zote mbili huandika zinapokarabati, na diski mgonjwa haitakiwi kuandikwa. Soma `sudo smartctl -a /dev/sdb`: namba 5, 197 na 198 (hesabu za sekta mbovu) zikiwa juu ya sifuri na zinapanda, anza kunakili leo kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu.

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img ramani.map`
`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img ramani.map`

Amri ya kwanza inachukua kilicho rahisi, ya pili inarudia sehemu ngumu mara tatu. Faili ya ramani usiifute, ndiyo inayokumbuka ulipofika. Diski ikigonga "tak-tak", izime kabisa, hiyo ni kazi ya maabara. Maabara hawahitaji nenosiri lako ili kunakili sekta. Utafungua nakala mwenyewe (mahali pa loop0 weka jina litakaloonyeshwa na amri ya kwanza).

`sudo losetup -rfP --show picha.img`
`sudo cryptsetup open --readonly /dev/loop0p3 okoa`
`sudo mount -o ro,noload /dev/mapper/okoa /mnt`

Kichwa kikiwa kibovu, ongeza `--header kichwa.img` kwenye amri ya pili. Hilo noload ni la ext4, mfumo wa faili wa Linux. Bila hilo hukataa kufunguka ikiwa jarida lake halikufungwa vizuri. PhotoRec, programu ya kutafuta faili zilizopotea, nayo iendeshe juu ya /dev/mapper/okoa. Ukiielekeza kwenye picha ghafi itaona vumbi tupu.

Maswali ya wanachama

*Sekta moja ikifa, yanayofuata yote hayasomeki?*
Hapana. Katika XTS kila sekta inajitegemea, na biti moja ikigeuka huharibu baiti 16 tu. Mambo hubadilika ndani ya nafasi ya ufunguo: LUKS huutawanya ufunguo wa baiti 64 katika vipande 4000, yaani baiti 256,000, na vyote vinahitajika. Sekta moja ikipotea hapo, nafasi hiyo imekufa. LUKS2 ina nakala mbili za maelezo ya kichwa, ila eneo la funguo ni moja tu.

*Mkuu, nimebadilisha nenosiri. Nakala ya zamani ya kichwa niifute?*
Ifute na utoe mpya. Ya zamani bado inafunguka kwa nenosiri la zamani. Kama unahisi imeshaibwa, kubadili nenosiri hakutoshi, tumia `cryptsetup reencrypt`, ambayo hubadilisha ufunguo mkuu wenyewe. Chukua chelezo ya data kwanza.

*Boksi la diski ya nje limekufa. Nimechomoa diski na kuichomeka moja kwa moja, inaonekana tupu. Sikuwahi kuweka nenosiri.*
Usiifomati. Baadhi ya maboksi husimba kwa chipu yake ya USB hata bila nenosiri. Tafuta boksi lenye chipu ileile, au tengeneza bodi ileile iliyokufa.

*Windows iliniambia nifomati diski ya LUKS, nikakubali.*
Ichomoe sasa hivi, inakili kwa ddrescue, ufungue nakala kwa kichwa ulichohifadhi. Kama hukuhifadhi, jaribu `cryptsetup repair` kwenye nakala: fomati ya haraka huenda imeharibu maelezo ya kwanza na kuyaacha ya pili. Kama ni SSD, Windows ikifomati hutuma TRIM, na matumaini hapo ni madogo hata ukiwa na kichwa.