Ipsum ikianza kuchemsha: utajuaje muda wa gari ya umeme umefika kwako, kwa sisi wa Mwanza

Asubuhi moja mwezi wa pili natoka Mwaloni Kirumba na Toyota Ipsum yangu, nyuma kuna magunia mawili ya dagaa wa mke wangu, watoto watatu wamebanana na mabegi ya shule, napandisha Isamilo, mara mshale wa joto unaanza kupanda na wenyewe. Nikapaki pembeni, nikafungua boneti, nikasubiri ipoe, nikaanza kumimina maji kwenye rejeta kwa chupa ya lita moja na nusu huku mtoto wa mwisho ananiuliza baba tutachelewa? Kijana wa bodaboda akapita akanitupia neno, "Mzee uza hiyo, chukua ya umeme, unachaji kama simu tu."

Hilo neno lilinikaa kichwani miezi mitatu. Nikapiga hesabu, nikauliza mafundi, nikaenda kuangalia gari mbili, na nilichogundua ni kwamba swali la "gari yangu imezeeka?" halina maana sana. Ipsum ya 1999 imezeeka, hilo halihitaji mtaalamu. Swali lenye maana ni unatembea kilomita ngapi kwa mwezi, maana hela ya gari ya umeme inarudi kwa kilomita, gari ikilala nyumbani haikurudishii hata mia.

Kwaiyo anza na daftari, sio yadi. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, weka kwenye dashibodi, kila ukijaza mafuta andika lita, bei na kilomita zinazosoma, na kila ukitoka gereji andika umelipa nini na kwa ajili ya nini. Fanya miezi mitatu, usikadirie kwa kichwa, mi nilikuwa naapa Ipsum yangu inakwenda kilomita 12 kwa lita, daftari likaniambia 9, afu hapo sijahesabu ile foleni ya Buzuruga jioni. Kwenye matengenezo tenganisha mafungu mawili: vitu vya injini (oili, plagi, filta, rejeta, gasketi, gia boksi) na vitu vya miguuni (bushi, boljointi, shokapu, matairi, stabilaiza linki). Hii ni muhimu kwa sababu gari ya umeme inakuondolea fungu la kwanza karibu lote, ila la pili linabaki vilevile, tena betri ni nzito, matairi ndo yanaisha haraka zaidi. Barabara zetu zile za mawe haziulizi unatumia petroli au umeme.

Haya sasa hesabu yangu, we utabadilisha namba uweke zako. Naishi Buswelu, mjini kwenda na kurudi ni kama kilomita 28, ukiongeza kanisani na sokoni nafika 800 kwa mwezi. Kwa kilomita 9 kwa lita ni lita 89, tuseme petroli ni 3,000 (bei kamili wanatangaza EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, angalia ya Mwanza sio ya Dar, huku ni juu kidogo maana mafuta yamesafiri), hiyo ni kama 267,000. Upande wa umeme, gari ndogo kama Nissan Leaf inatembea kama kilomita 6 kwa uniti moja, ongeza asilimia 15 zinazopotea wakati wa kuchaji, unapata kama uniti 153. Luku ya kawaida 10,000 inakupa uniti 28, kwaiyo uniti ni kama 357, jumla 55,000 hivi. Tofauti ni laki mbili na kumi na mbili kwa mwezi. Ni nzuri, hakuna anayekataa.

Ila tulia. Kwa mwaka ni milioni 2.5, nikiongeza milioni 1.1 ya vitu vya injini daftari lilivyosema nafika 3.6. Tuseme gari ya umeme ni milioni 25 na Ipsum nimeuza 7, nimeongeza 18. Miaka mitano ndo hela yangu inarudi, na kama nimenunua Leaf kuukuu hiyo miaka mitano betri nayo inahesabu. Sasa mchukue jirani yangu anayepiga teksi, yeye anatembea kilomita 2,200 kwa mwezi, kwa gari ya aina ileile anaokoa kama 580,000 kila mwezi kwenye mafuta peke yake, miaka miwili na nusu amemaliza. Gari ileile, bei ileile, kwake ni biashara na kwangu ni starehe. Na kama unakopa, riba iweke humo ndani ya hesabu, watu wengi wanaisahau hapo.

Kitu kimoja wengi hawakijui: kama nyumba yako iko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti (bila kodi) mpaka uniti 75 kwa mwezi, gari itakutoa humo mwezi wa kwanza tu. Usije ukapiga hesabu ya kuchaji kwa uniti za bei ya bibi.

Gari inalala wapi? Kama unapaki nje ya geti, au umepanga na mnachangia luku wapangaji wanne, sahau kwanza, mtagombana kabla wiki haijaisha. Unataka sehemu yako, mita yako, na soketi. Na soketi yenyewe sio ile ya sebuleni unayochomekea pasi. Kuchaji gari ni kuvuta umeme mwingi bila kupumzika masaa nane mpaka kumi, waya mwembamba unapata moto taratibu ndani ya ukuta we umelala. Ita fundi umeme mwenye leseni, avute waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, milimita 4 kwenda juu, na breka yake, na ethi ya kweli, sio ile nondo fupi iliyochomekwa juu ya jiwe. Nasema jiwe kwa makusudi, Mwanza viwanja vingi ukichimba futi mbili umegonga mwamba na fundi mvivu anaishia hapohapo, mwambie aipime ethi mbele yako. Waya wa kuchajia unaokuja na gari ya Japani uangalie umeandikwa volti ngapi, wao wanatumia 100 na 200, sisi 230, muulize fundi kabla hujachomeka.

Pia angalia umeme wako unakujaje. Kuna mitaa huku pembeni ya mji saa moja jioni taa zinakuwa kama mshumaa kwa sababu transfoma imezidiwa. Siku hizi mgao sio kama ule wa mwanzoni mwa 2024, Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 na limetusaidia, lakini bwawa haliwezi kuinua nguzo iliyoanguka mtaani kwako. Kama kwenu umeme ukikatika unakaa siku mbili, hesabu hiyo. Kwa anayetembea kilomita 28 kwa siku kukosa umeme usiku mmoja sio tatizo, anaechaji kila siku mpaka ijae ndo analia.

Safari za mbali nazo ziseme ukweli. Mi nilikaa na mke wangu tukaandika safari zote za mwaka jana: Sengerema kwa mama mara sita, Shinyanga msiba mara mbili, Musoma harusi moja, Dar hatukwenda kwa gari. Sengerema siku hizi nzuri, ukishavuka daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025 hakuna tena kukaa kusubiri kivuko, ila ukifika kwa mama unachaji wapi, na umeme wa kule ukoje? Shinyanga ni kama kilomita 160 kwenda tu, kwa Leaf ya betri ndogo hufiki. Panga kana kwamba chaja ya barabarani haipo kabisa, ukiikuta ni bahati. Tukaona msiba na harusi tutapanda basi, nauli za mwaka mzima hazifiki bei ya kutunza gari ya pili. Wengine wana pikapu ya shughuli nyumbani, hao wameshamaliza tatizo hili.

Sasa betri, na hapa naomba usome taratibu maana ndo watu wanalizwa. Leaf za mwanzo, zile za kuanzia 2010 na 2011, zina betri ya kilowati-saa 24 (yaani uniti 24), ikiwa mpya ilikuwa inatembea kama kilomita 120 hivi kwa matumizi ya kawaida. Baadae ikaja ya 30, afu ya 40 kuanzia mwishoni mwa 2017, hii ya 40 ikiwa mpya inafika 240. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipooza, inategemea hewa tu, kwaiyo joto linaila. Wenye Leaf kule Arizona Marekani, kwenye joto kali, walianza kulalamika 2012, gari hata hazijazeeka. Kwa hilo sisi Mwanza tuna afadhali kuliko wa Dar, tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na usiku kunapoa, ila gari uliyoikuta hujui imeishi wapi.

Nilienda kuangalia moja, nyeupe, ndani safi kama haijakaliwa. Muuzaji anasema "betri asilimia mia bosi, angalia mwenyewe imejaa." Imejaa chaji! Hiyo ni kama kuniambia debe limejaa bila kuniambia debe lina ukubwa gani. Kwenye Leaf pembeni ya geji ya chaji kuna vimistari vidogo 12, hivyo ndo vinaonyesha afya. Cha kwanza kinapotea betri ikishapungua kama asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja ni kama asilimia 6. Ukikuta vimebaki 9 jua betri imebaki kwenye asilimia 70 hivi. Ile nyeupe ilionyesha vyote 12, kwa gari ya umri ule nikashtuka. Rafiki yangu akachomeka kile kifaa cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, chini ya usukani, tukafungua programu ya LeafSpy kwenye simu, nayo ikasema nzuri tu. Nikamwambia tuitembeze. Toka mjini mpaka Kisesa na kurudi, kama kilomita 40, AC imezimwa, watu watatu. Tumetoka ikiwa mia, tumerudi ina 46. Yaani gari yote ni kilomita 75. Kumbe kumbukumbu ya kompyuta ya betri huwa inafutwa, vimistari vinarudi vyote mpaka gari itembee muda ndo ijue ukweli. Kwaiyo pima kwa vyote vitatu, vimistari, programu na barabara, na vikigombana amini barabara. Muuzaji asiyetaka uitembeze kilomita 40, mshukuru umwache.

Za Kichina kama BYD nyingi zinatumia betri ya aina ya LFP (lithiamu yenye chuma na fosfeti), hii inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na ukiijaza mpaka mia haiumii sana kama hizo nyingine. Kama mfuko unaruhusu mi ningeelekea huko. Ila iliyotengenezwa kwa soko la Uchina ina tundu la chaji la aina yao na skrini ya Kichina, hakikisha adapta na lugha kabla hujalipa. Na betri yoyote ile imelala chini ya sakafu, Leaf iko juu ya ardhi kama sentimita 15 tu, sasa we fikiria njia ya kwako ina yale mawe yanayochomoza katikati. Shuka, piga magoti, angalia chini kama kasha limebonyea au limekwaruzwa, hata kama umevaa suruali ya kanisani.

Raha yake nayo niiseme nisije nikaonekana mchawi. Mlimani haichemshi, inavuta kimya, na ukishuka mota inageuka jenereta inarudisha chaji kidogo na breki pedi zinadumu. Magunia ya dagaa bado yatanuka vilevile.

Lini sasa? Mi nimejiwekea hivi: kama kilomita zinazidi 1,500 kwa mwezi na una pa kuchajia, usisubiri gari ife, uza ikiwa bado inatembea, maana gari inayovutwa kwa kamba haina bei. Chini ya 1,000, endelea na ya zamani mpaka gereji watakapokupa bili moja inayozidi theluthi ya bei ambayo gari ingeuzika leo, ovaholi ya injini au gia boksi, hapo usitie hela, uza. Katikati ya hapo angalia haibridi, yenye petroli na mota ya umeme pamoja, kama Toyota Aqua, inakunywa kidogo na haikudai soketi. Na kama unaagiza nje, ingia kwenye kikokotoo cha TRA kwanza, gari iliyozidi miaka 8 ina ushuru wa uchakavu na ikizidi 10 unapanda tena, saa nyingine ile mpya kidogo inakuja kuwa nafuu ukijumlisha yote.

Mi niko na 800 zangu, kwaiyo Ipsum imebadilishwa rejeta na thamostati, imeacha kuchemsha, na pesa ya kuongezea siku ya kununua ya umeme naiweka pembeni kila mwezi. Fundi umeme ameshavuta waya mpaka kibarazani, mke wangu saivi anautumia kuchomekea friji la samaki.

Siku ukiuza ya zamani, usimpe mtu ufunguo kwa kuaminiana. Hamisheni umiliki TRA siku hiyohiyo, cheki deni la faini za trafiki kwa namba ya gari mkiwa wote wawili, na daftari lako mpe mnunuzi, mi nilimwona mtu akiongezewa laki tatu kwa sababu ya daftari tu.