Jinsi ya kujua mbio za baiskeli nje ya Ulaya zina uzito gani

Watu wengi wakiona Tour du Rwanda au Tour of Oman wanauliza hivi hizi ni mbio kubwa kweli au za kupasha misuli tu, sasa kuna namna ya kupima na wala sio ngumu.

Anza na daraja la UCI, yaani shirikisho la baiskeli duniani, huwa limeandikwa pembeni ya jina, mfano 2.1. Namba ya mbele ikiwa 1 ni mbio za siku moja, 2 ni za siku kadhaa. Kinachofuata ndo uzito wenyewe, Pro iko juu, halafu 1, halafu 2, na WorldTour, yaani kundi la mbio na timu kubwa kabisa, iko juu ya zote. Mshindi wa 2.1 anapata pointi 125, wa 2.Pro 200, wa Tour de France 1,300, kwa hiyo timu kubwa ikikwepa safari ndefu usishangae.

Ila usiishie hapo, cheki na tarehe. Tour Down Under ya Australia ni WorldTour lakini iko Januari, wengi ndo kwanza wanaanza msimu. Mbio za Montréal kule Kanada ziko Septemba, mashindano ya dunia yanakaribia, hapo wanakuja wakali wenyewe, Tadej Pogačar, yule nyota wa Slovenia, kashinda 2022 na 2024.

Halafu pitia washindi wa nyuma, hii watu wanairuka sana. Chukua Rwanda: 2014 mpaka 2018 ilikuwa 2.2, daraja ambalo timu za WorldTour haziruhusiwi, na miaka yote hiyo walishinda Wanyarwanda, Ndayisenga mara mbili, Nsengimana, Areruya, Mugisha. 2019 ikapanda kuwa 2.1, timu ya WorldTour ya Astana wakaja, Merhawi Kudus wa Eritrea akawaletea ushindi, na kuanzia hapo mpaka 2025 hakuna Mnyarwanda aliyebeba tena. Inauma, lakini ndo dalili kwamba mbio zimekua.

Mwisho angalia njia, maana daraja halihesabu milima. Mashindano ya dunia ya Kigali 2025, ya kwanza Afrika, wanaume walipiga kilomita 267.5 wakapandishwa mpaka Mur de Kigali, ule mpando wa barabara ya mawe, na waliomaliza ni 30 tu. Tour du Rwanda inapita vilima hivyo hivyo kila Februari, kwa hiyo mimi jina likifanya vizuri pale naliheshimu kuliko la 2.1 ya tambarare kule Ulaya. Orodha ya washiriki ikitoka, tafuta Waeritrea kwanza, wenzake Kudus.