Piga goti, Kiingereza kitanyooka
Wadau wa utalii Arusha na Moshi, hasa mnaojiandaa na usaili wa kuongoza wageni: kabla hamjakariri misamiati mizito, rekebisheni mkazo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho: twiga, kiboko, Kilimanjaro. Kiingereza hakina adabu hiyo. "Elephant" hukazwa mwanzoni, "giraffe" mwishoni, "hippopotamus" kwenye "po" ya pili. Ukikosea hapo mgeni atakuomba urudie, hata kama sarufi yako haina doa. Halafu kuna "leopard": ile "o" haisikiki kabisa, ni kama "lepad". Mimi nilisema "leopadi" miaka miwili na hakuna aliyenirekebisha. Wageni nao wana heshima mbaya.

Ninachofanya: jioni nachukua sentensi moja tu, tuseme ya nyumbu kuvuka mto, naisikiliza kwenye simu kwa mzungumzaji mzuri, kisha naisema sambamba naye huku nikipiga goti kwa kiganja kila penye mkazo. Silabi nyingine nazimeza. Mara ya kumi najirekodi na kulinganisha. Kwenye Kosta ya Moshi napiga goti kimyakimya. Jirani hudhani nasikiliza kwaya.

Sarufi? Shika kosa moja unalolirudia. Langu lilikuwa "discuss about". Sisi hujadili kuhusu jambo, lakini "discuss" haitaki "about". Nililiandika kwenye kikaratasi nyuma ya kava la simu, ndani ya wiki likakoma.