Kabla chuo kidogo cha Marekani hakijachagua divisheni: mambo ya kuhesabu mapema

Kwetu timu hupanda daraja uwanjani. Ukifanya vizuri unaingia Ligi Kuu, ukivurunda unashuka, na hakuna kikao kitakachokuokoa. Michezo ya vyuo vya Marekani haiendi hivyo. Timu inaweza kufungwa msimu baada ya msimu ikabaki Divisheni ya Kwanza, na nyingine ikatwaa ubingwa wa Divisheni ya Tatu mara kadhaa bila kupandishwa popote. Divisheni huchaguliwa mezani, na wanaokaa kwenye meza hiyo ni rais wa chuo, bodi ya wadhamini na watu wa fedha. Kocha huitwa kutoa maoni, basi.

Mambo yafuatayo nimeyapanga kwa namna ambayo bodi ya chuo kidogo ingepaswa kuyapitia kabla ya kupiga kura. Yanamfaa vilevile mzazi wa Iten, Arusha au Minneapolis ambaye mtoto wake ameandikiwa na kocha wa chuo ambacho jina lake hajawahi kulisikia, kwa sababu aina ya chuo na hali ya fedha zake husomeka kwenye divisheni kuliko kwenye picha za tovuti.

Kwanza tujue milango iliyopo. Shirika kubwa ni NCAA, lenye makao yake Indianapolis, ambalo tangu 1973 limegawa vyuo katika divisheni tatu. Ya Kwanza ndiyo ya televisheni na fedha nyingi. Ya Pili hutoa ufadhili wa michezo, lakini kwa kiasi kidogo kinachogawanywa kwa wachezaji wengi. Ya Tatu, ambayo ndiyo yenye vyuo vingi zaidi, hairuhusu hata senti moja ya ufadhili kwa sababu ya kipaji cha michezo. Nje ya NCAA kuna NAIA ya Kansas City, makazi ya vyuo vidogo vingi, vingi vikiwa vya makanisa, nayo inaruhusu ufadhili. Vyuo vya miaka miwili vina chama chao, NJCAA, chenye divisheni tatu za kwake.

Swali la kwanza la bodi halihusu ushindi kabisa: chuo kinataka michezo ikifanyie kazi gani? Chuo kikubwa cha umma hutafuta jina, watazamaji na wahitimu wenye kuchangia. Chuo chenye wanafunzi 1,000 mara nyingi kinatafuta wanafunzi, na hapo ndipo hesabu inapogeuka kuliko wengi wanavyodhani.

Chukua mfano. Chuo kinataka kuanzisha timu ya soka ya wanaume yenye wachezaji 30. Ada iliyotangazwa ni dola 40,000, lakini baada ya punguzo la kitaaluma na la kipato kila mwanafunzi analipa dola 18,000. (Punguzo la namna hii ni la kawaida: katika vyuo binafsi vya Marekani, wastani wa punguzo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza umevuka nusu ya ada.) Wachezaji 30 wanaleta dola 540,000 kwa mwaka. Kocha, msaidizi wake, mabasi, hoteli, jezi, waamuzi na bima vinakula, tuseme, 250,000. Zinabaki 290,000. Kwa hiyo katika Divisheni ya Tatu timu isiyouza tiketi hata moja inaweza kukiingizia chuo fedha. Sasa hamishia timu hiyo hiyo Divisheni ya Pili na uwape wachezaji ufadhili wa wastani wa dola 8,000 kila mmoja: 240,000 zinaondoka, unabaki na 50,000. Ili ufikie pale ulipokuwa, ufadhili huo lazima ulete wanafunzi wengine ambao wasingekuja bila huo.

Hapo bodi nyingi hujidanganya, na naomba msomaji asipite haraka. Wachezaji wa kuhesabu ni wale tu ambao wasingejiunga na chuo kama timu isingekuwepo. Ikiwa kumi kati ya wale 30 wangekuja tu kwa sababu ya shule ya uuguzi au kwa kuwa ni wenyeji wa mji huo, mapato mapya ni ya watu 20, yaani 360,000, na faida katika Divisheni ya Tatu imeshuka kutoka 290,000 hadi 110,000. Mkurugenzi wa michezo anayepeleka bajeti bila hesabu hiyo arudishwe akaifanye.

Baada ya fedha za mchezaji mmoja mmoja huja idadi ya michezo. Divisheni ya Kwanza inadai angalau michezo 14, ya Pili 10. Ya Tatu inaangalia ukubwa: chuo chenye wanafunzi 1,000 au pungufu kiwe na michezo mitano ya wanaume na mitano ya wanawake, na kikizidi hapo iwe sita kwa sita. Juu ya yote hayo kuna sheria ya usawa wa kijinsia ya 1972, inayoitwa Title IX. Chuo kinachoamua kuanzisha mpira wa Kimarekani, wenye kikosi cha vijana 100 wa kiume, kijipange siku hiyo hiyo nafasi za wasichana zitatoka wapi. Huo mpira wenyewe katika Divisheni ya Pili una kiwango cha juu cha ufadhili kamili 36 kwa timu nzima, ambao kocha huumega vipande hadi wengine wanapata fedha ya vitabu tu.

Halafu majirani. Divisheni ni mwavuli wa kanuni. Maisha ya kila wiki yako ndani ya ligi ya kanda inayoitwa konferensi, na chuo kinaweza kuwa na divisheni sahihi na majirani wasiofaa. Kisa cha Chuo Kikuu cha St. Thomas, Minnesota, kinaeleza jambo hili kuliko maelezo yoyote. Kilikuwa mwanzilishi wa konferensi ya MIAC mwaka 1920, Divisheni ya Tatu. Kadiri miaka ilivyokwenda kilikua hadi kuwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza zaidi ya 6,000, mara mbili au zaidi ya wengi wa majirani zake, na mwaka 2017 kiliifunga St. Olaf 97 kwa 0 katika mpira wa Kimarekani. Mwaka 2019 wenzake wakakitoa. Hakikuvunja kanuni yoyote, ila kilikuwa kimewazidi. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu kuruka kutoka Divisheni ya Tatu moja kwa moja hadi ya Kwanza, lakini NCAA ilikipa ruhusa maalumu mwaka 2020, na mwaka uliofuata kikaingia.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, bodi itandaze ramani mezani. Wapinzani wako umbali gani? Timu inakwenda kwa basi na kurudi usiku huo huo, au inapanda ndege siku ya Alhamisi na wanafunzi wanakosa vipindi vya Ijumaa? Wapinzani hao wanafanana na sisi kwa ukubwa, ada na viwango vya udahili? Kwa anayetaka Divisheni ya Kwanza, mwaliko wa konferensi ni sharti, siyo jambo la kutafuta baadaye.

Muda wa mpito nao uhesabiwe kwa miaka. Kutoka Divisheni ya Pili kwenda ya Kwanza ilikuwa minne. Tangu Januari 2025 inaweza kuwa mitatu kwa chuo kinachotimiza masharti ya kitaaluma. Katika kipindi hicho timu inacheza, inasafiri na inaumia kama wengine, lakini haiingii mashindano ya ubingwa ya NCAA. Mchezaji anayesajiliwa mwanzoni mwa mpito anaweza kumaliza karibu maisha yake yote ya chuo bila kuyagusa. Kumficha jambo hilo wakati wa usajili ni dhuluma, na chuo chenye heshima humwambia mapema.

Nini kinavuta vyuo vidogo juu? Jina. Wiki moja ya mashindano ya mpira wa kikapu ya mwezi Machi inaweza kukitangaza chuo kuliko matangazo ya miaka mingi. Lakini tazama waliofika huko. Hartford, ya jimbo la Connecticut, iliingia mashindano hayo kwa mara ya kwanza Machi 2021. Mei mwaka huo huo bodi ikapiga kura ya kushuka hadi Divisheni ya Tatu. Saint Francis ya Pennsylvania ilicheza Machi 2025, ikafungwa na Alabama State 70 kwa 68, na wiki moja baadaye ikatangaza nayo kushuka. Ukumbi ulijaa shangwe huku uamuzi wa fedha ukiiva ofisini.

Na mzigo wa juu umezidi kuwa mzito. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vya Divisheni ya Kwanza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Chuo kidogo hakitalipa kiasi hicho, lakini kinashindania wachezaji wale wale na wanaolipa. Kocha anamlea kijana mwaka mmoja au miwili, kijana anang'aa, chuo kikubwa kinamchukua. Kwa maoni yangu, chuo chenye wanafunzi chini ya 3,000 kisicho na mfuko mkubwa wa akiba hakina sababu nzuri ya kwenda huko leo.

Zipo njia za katikati, ingawa ni za wachache. Johns Hopkins ya Baltimore iko Divisheni ya Tatu, lakini lakrosi yake, mchezo wa mpira mdogo na vijiti vyenye wavu, inacheza ya Kwanza. Colorado College imefanya hivyo kwa magongo ya barafuni ya wanaume. Ni ruhusa za kihistoria, kwa hiyo chuo kipya kisipange mipango juu yake.

Pia, kushuka hakuponyi chuo kinachougua. Birmingham-Southern ya Alabama ilitoka NAIA ikaenda Divisheni ya Kwanza, kisha mwaka 2006 ikaamua kushuka hadi ya Tatu ili kupunguza gharama. Ilipumua kwa muda. Tarehe 31 Mei 2024 chuo kilifungwa kwa kukosa fedha, na siku hiyo timu yake ya besiboli ilikuwa Ohio kwenye fainali za kitaifa za Divisheni ya Tatu. Ilicheza hadi ilipotolewa, ikiwakilisha chuo ambacho hakipo tena.

Kwa familia zetu, mambo haya yanashuka hadi kwenye barua ya kocha. Mkimbiaji wa Kenya, Henry Rono, alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, chuo kikubwa cha Divisheni ya Kwanza. Siku hizi vijana wengi wa Bonde la Ufa huanzia vyuo vya miaka miwili, kama South Plains kule Texas, kisha huhamia vyuo vya miaka minne. Barua ikitoka Divisheni ya Tatu, jua kwamba mbio hazitalipiwa. Mwanafunzi wa kigeni hapati msaada wa serikali kuu ya Marekani, hivyo kila dola lazima itoke kwenye mfuko wa chuo chenyewe kwa sababu ya masomo au kipato, au itoke kwenu, na viza ya mwanafunzi inadai uonyeshe fedha ya mwaka wa kwanza kabla hujaondoka. Ikitoka Divisheni ya Pili au NAIA, ulizeni ufadhili ni asilimia ngapi ya gharama yote, pamoja na chakula na malazi, maana "ufadhili" peke yake unaweza kuwa robo ya ada. Ulizeni kama chuo kiko kwenye mpito wa divisheni, na kama bodi inajadili kuhama. Ulizeni kama ahadi ni ya mwaka mmoja mmoja au ya miaka yote, na kama inabaki mtoto akiumia. Majibu yaombeni kwa maandishi kutoka ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, kwa sababu kocha anaweza kuhama kabla mtoto hajatua uwanja wa ndege.